JKTEBOP, ellc, Wilson–Devinney au PHOEBE? Ulinganisho wa programu za kuunda modeli ya nyota jozi zinazopatwa

Mtu akishapakua data za nyota jozi kutoka chombo cha angani cha TESS, akachora grafu ya mwangaza na kuona mabonde mawili yanayojirudia kwa mpangilio uleule, swali la kwanza huwa limekwisha kujibiwa: nyota mbili zinazungukana, na kila moja kwa zamu yake inamkinga mwenzake asionekane kwetu. Swali linalofuata ndilo gumu zaidi, nalo ni kuchagua programu itakayogeuza mabonde hayo kuwa vipimo ambavyo mtu anaweza kuvitetea mbele ya watafiti wengine, yaani nusu vipenyo, mwinamo wa obiti (pembe ambayo tunaiona obiti kutoka hapa), uwiano wa halijoto na hatimaye tungamo. Ulinganisho huu unahusu programu nne zinazotumika sana kwa kazi hiyo, zote zikipatikana bila malipo, na umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi wa fizikia au mpenzi wa astronomia mwenye kompyuta moja ya kawaida na intaneti ambayo haitegemeki kila siku.

Msimamo wangu nautaja mapema ili msomaji aupime kadiri anavyoendelea. Kinachopaswa kuamua ni umbo la nyota zenyewe, yaani kiasi ambacho kila moja imevutwa na mwenzake hadi kupoteza uduara wake. Programu yenye fizikia nyingi zaidi haimpi kila mtu jibu bora zaidi, na kwa nyota zilizo mbalimbali mara nyingi humpa jibu lilelile kwa gharama ya siku kadhaa za hesabu, pamoja na hatari ya kuingiza dhana ambazo data zenyewe haziwezi kuzipima.

Grafu ya mwangaza inasema nini

Mfano mzuri wa kuanzia ni Algol, katika kundinyota la Perseus, ambayo kutoka Nairobi au Dar es Salaam huonekana upande wa kaskazini nyakati za jioni kuanzia Novemba hadi Januari. Geminiano Montanari aliandika kuhusu kubadilika kwa mwangaza wake mwaka 1667, na mwaka 1783 kijana wa Kiingereza, John Goodricke, aliripoti kwamba kufifia huko hujirudia kila baada ya siku 2, saa 20 na dakika 49 hivi, akapendekeza kwamba huenda kitu chenye giza hupita mbele yake. Mwaka 1889 Hermann Vogel alithibitisha kwa spektra, yaani mwanga wa nyota uliotawanywa katika rangi zake, kwamba Algol kweli ina mwenzake. Mwangaza wake huteremka kutoka magnitudi 2.1 hadi 3.4 (kadiri namba inavyokuwa kubwa, ndivyo nyota inavyofifia), na kupatwa kote huchukua takriban saa 10. Bonde la pili, kwa upande wake, ni dogo mno kiasi kwamba macho matupu hayawezi kulitambua.

Tofauti hiyo ya kina kati ya mabonde mawili inatueleza kwamba nyota inayofichwa katika bonde kubwa ina uso unaong'aa zaidi, kwa kila kipande cha eneo, kuliko ile inayoifunika. Muda wa kupatwa, ukilinganishwa na kipindi cha obiti, hutoa jumla ya nusu vipenyo vya nyota zote mbili ikipimwa kwa umbali ulio kati yao. Sakafu ya bonde ikiwa bapa, tunajua kwamba nyota moja imefichwa yote, na uwiano wa nusu vipenyo unapatikana bila utata mwingi. Mwangaza ukipanda na kushuka taratibu hata nje ya mabonde, hiyo ni dalili kwamba nyota si duara kamili, au kwamba upande mmoja wa nyota baridi unapashwa joto na mwenzake.

Hata hivyo, hakuna kilomita hata moja ndani ya grafu ya mwangaza. Kila urefu unaotoka humo ni sehemu ya umbali kati ya nyota mbili, na umbali wenyewe haupatikani mpaka mtu awe na spektra zinazoonyesha kasi ya kila nyota ikitujia na ikituondoka. Ninalisisitiza jambo hili kwa sababu baadhi ya programu, hasa Wilson–Devinney na PHOEBE, humruhusu mtumiaji kuandika tungamo na halijoto tangu mwanzo, kisha zikamrudishia majibu yenye vipimo vya Jua kana kwamba yametoka katika mwangaza peke yake. Namba iliyoingizwa na mtumiaji mwenyewe haigeuki kuwa kipimo kwa kupita ndani ya programu.

Utata wa pili huja pale kupatwa kunapokuwa kwa sehemu tu. Katika hali hiyo nyota ndogo kidogo yenye obiti iliyosimama zaidi na nyota kubwa kidogo yenye obiti iliyoinama zaidi huweza kutoa mabonde yanayofanana hadi kiwango cha kelele za data, wala hakuna programu kati ya hizi nne inayoweza kuondoa utata huo kwa ustadi wake. Huondolewa na taarifa kutoka nje, kwa kawaida uwiano wa mwanga wa nyota mbili uliopimwa kwenye spektra.

Umbo kwanza, programu baadaye

Katika miaka ya 1950 Zdeněk Kopal aliweka mgawanyo ambao bado tunautumia. Kila nyota katika jozi ina eneo la Roche, ambalo lina umbo la tone na ndani yake mata hubaki chini ya mvutano wa nyota hiyo. Nyota zote mbili zikiwa ndani kabisa ya maeneo yao, jozi hiyo imetengana. Moja ikiwa imelijaza eneo lake, kama ilivyo kwa nyota baridi ya Algol, jozi imetengana nusu. Zote mbili zikiwa zimefurika na kushiriki tabaka moja la nje, kama W Ursae Majoris yenye kipindi cha saa 8, jozi hiyo inagusana.

Katika jozi iliyotengana, mabonde huwa na kingo kali na mwangaza kati yake huwa karibu tambarare. Katika jozi inayogusana huwezi kuonyesha kwa kidole mahali kupatwa kunapoanzia, kwa kuwa grafu nzima ni mawimbi yasiyo na kona. Anayetaka namba badala ya jicho anaweza kutumia kipimo cha umbo kilichoanzishwa na Matijevič na wenzake mwaka 2012 na kutumika katika orodha ya jozi 2,878 za chombo cha Kepler iliyochapishwa mwaka 2016. Kipimo hicho huanzia 0 hadi 1: chini ya 0.5 jozi nyingi zimetengana, kati ya 0.5 na 0.7 nyingi zimetengana nusu, kati ya 0.7 na 0.8 nyingi zinagusana, na zaidi ya 0.8 ni zile ambazo mabadiliko yake hutokana hasa na umbo la yai la nyota, pamoja na zile zisizoeleweka vizuri. Nyota yako ikiwa imo katika orodha hiyo, namba hiyo moja tayari inakuondolea nusu ya mashaka ya kuchagua.

JKTEBOP na ellc: kwa nyota zilizo karibu na uduara

Asili ya JKTEBOP ni modeli ya Nelson na Davis ya mwaka 1972, iliyoandikwa kama programu ya EBOP na Paul Etzel, ikatumiwa sana na Daniel Popper katika miaka ya 1980, kisha ikapanuliwa na John Southworth kuanzia mwaka 2004. Wakati wa kupatwa huzichukulia nyota kama duara. Kwa mabadiliko yaliyo nje ya kupatwa huzipa umbo lililobanwa kidogo. Dhana hiyo inafaa mradi nusu kipenyo cha nyota kisizidi takriban 0.3 ya umbali kati ya nyota mbili, ingawa anayetafuta usahihi wa chini ya asilimia moja afadhali aanze kusita kwenye 0.2.

Faida yake kubwa, ambayo sidhani kama inathaminiwa vya kutosha, ni kwamba haihitaji halijoto wala jedwali lolote la anga za nyota, yaani tabaka zao za nje za gesi. Kigezo kinachosimamia tofauti ya kina cha mabonde ni uwiano wa mng'ao wa uso, na data zenyewe ndizo zinazokipima. Kwa hiyo nusu vipenyo vinavyotoka JKTEBOP havibebi makosa ya modeli za anga, jambo lenye uzito mkubwa pale mtu anapotaka kuvitumia vipimo hivyo kupima nadharia za nyota zilizojengwa juu ya modeli hizohizo.

Faili yake ya kuingizia ni maandishi ya kawaida. Mstari wa kwanza hubeba namba ya kazi, inayofuata huwa na jumla ya nusu vipenyo na uwiano wake, kisha mwinamo wa obiti na uwiano wa tungamo, kisha uduaradufu wa obiti, kisha vigezo vya kufifia kutokana na mvutano (uso kupungua mng'ao pale mvutano wake ulipo mdogo), kisha uwiano wa mng'ao pamoja na mwanga wa nyota ya tatu, na kuendelea. Kazi namba 3 hutafuta modeli inayolingana zaidi na data. Namba 8 hukadiria makosa kwa kuzalisha data bandia nyingi zenye kelele za kubahatisha. Namba 9 huzungusha mabaki ya data halisi, yaani tofauti kati ya data na modeli, ili kukamata kelele zinazofuatana, ambazo ni za kawaida katika data za vyombo vya angani. Ukiandika uwiano wa tungamo kwa alama ya hasi, programu huzifanya nyota kuwa duara kamili, na hiyo ni njia nyepesi ya kujua kama umbo lina athari yoyote kwenye matokeo yako: endesha mara mbili, mara ya kwanza kwa chanya na mara ya pili kwa hasi, kisha linganisha nusu vipenyo. Tofauti ikiwa ndogo kuliko makosa yaliyokadiriwa, hakuna sababu ya kwenda kwenye programu nzito zaidi.

Udhaifu wake ni kwamba imeandikwa kwa Fortran na haina dirisha la picha. Mtumiaji anapaswa kujua kuikusanya (compile) na kuiendesha kwa kuandika amri. Yeyote aliyewahi kutumia Linux atayamaliza hayo asubuhi moja.

Programu ya ellc, iliyotolewa na Pierre Maxted mwaka 2016, ni ya ukoo wa karibu kimawazo, na waandishi wa programu zote mbili wanatoka Chuo Kikuu cha Keele, Uingereza. Tofauti kubwa ni mbili. Kwanza, ellc huzichukulia nyota kama yai lenye mihimili mitatu tofauti, kwa hiyo hustahimili mvutano mkubwa kidogo kuliko JKTEBOP. Pili, huitwa moja kwa moja kutoka Python, jambo linalomwezesha mtumiaji kuiunganisha na njia yoyote ya kukadiria makosa anayoipenda. Huweza pia kuweka madoa juu ya nyota, na kwa jozi ambamo nyota yenye joto kama la Jua inapitiwa na nyota ndogo sana na baridi, mimi ningeanza nayo. Upande wa pili wa uhuru huo ni kwamba ellc hukupa modeli tu: kutafuta jibu bora, kukadiria makosa na kukagua kama hesabu zimetulia ni kazi yako, na asiyezoea Python atajikuta anaandika programu nyingine kuizunguka hii.

Wilson–Devinney na PHOEBE: kwa nyota zilizovutwa

Robert Wilson na Edward Devinney walipochapisha modeli yao mwaka 1971, waliacha kabisa dhana ya duara na yai. Uso wa nyota katika modeli yao ni uso wa Roche wenyewe, uliogawanywa katika vipande vidogo ambavyo kila kimoja kina halijoto na mvutano wake, na mwangaza wa jozi ni jumla ya vipande vinavyoonekana kwa wakati husika. Ncha ya nyota iliyovutwa, inayomwelekea mwenzake, huwa na mvutano mdogo na hivyo huwa baridi zaidi. Kanuni ya kiasi cha kupoa huko ilitolewa na von Zeipel mwaka 1924 kwa nyota zenye tabaka za nje zinazopitisha nishati kwa mnururisho, na Lucy mwaka 1967 alikokotoa kipeo kidogo zaidi, 0.32 badala ya 1, kwa nyota ambazo tabaka zake za nje zinachemka.

Mtumiaji huchagua namna ya jozi kabla ya kuanza: namba 2 ni ya nyota zilizotengana, 3 ni ya zinazogusana, 5 ni ya jozi kama Algol ambamo nyota ya pili imelijaza eneo lake. Ipo hata namba −1 kwa jozi za eksirei, ambamo muda wa kupatwa kwa eksirei huongezwa kama sharti. Jozi za namna hiyo zina uhusiano na pwani yetu: chombo cha Uhuru, kilichorushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ndicho kilichobaini kwamba Centaurus X-3 hupatwa kila baada ya siku 2.09.

Nguvu ya Wilson–Devinney ni miaka zaidi ya hamsini ya matumizi. Karibu kila jozi inayogusana iliyowahi kuchambuliwa kwa kina imepitia humo, na mtu anayetaka kulinganisha jibu lake na la mtafiti wa mwaka 1985 anaweza kufanya hivyo kigezo kwa kigezo. Udhaifu wake ni namna inavyofanya kazi. Programu moja hutoa grafu ya mwangaza, nyingine hutoa masahihisho ya vigezo, na mtumiaji huyaingiza masahihisho hayo kwa mkono, hatua baada ya hatua, mpaka yawe madogo kuliko makosa. Faili za kuingizia zina safu maalumu kwa kila namba, na namba iliyosogea nafasi moja huweza kusomwa kama namba nyingine bila onyo lolote. Tangu mwaka 2020 kuna PyWD2015, ambayo huipa programu hiyo dirisha la picha na kupunguza sana adha hii. Kwa anayeanza leo sioni sababu ya kutoitumia. Jambo la kuangalia zaidi ni makosa yanayochapishwa na njia hiyo ya masahihisho, kwa kuwa mara nyingi ni madogo mno kuliko yalivyo, hasa vigezo vinapotegemeana.

Njia hiyo pia hutua kwa urahisi katika jibu la karibu ambalo silo jibu bora. Kwa jozi zinazogusana desturi ni kuutafuta uwiano wa tungamo kwa kuujaribu thamani baada ya thamani na kutazama ni wapi tofauti kati ya modeli na data inakuwa ndogo zaidi. Desturi hiyo ina mashiko pale kupatwa kunapokuwa kamili. Pale kunapokuwa kwa sehemu tu, hutoa uwiano unaoonekana sahihi hadi tarakimu ya tatu huku ukiwa mbali na ule unaotokana na spektra, na naamini uwiano wa namna hiyo haufai kuchapishwa bila onyo lililo wazi.

PHOEBE ilianza mwaka 2005, pale Andrej Prša na Tomaž Zwitter walipoijengea modeli ya Wilson–Devinney uso mpya. Toleo la pili, lililoelezwa mwaka 2016, liliandikwa upya kwa kugawa uso wa nyota katika pembetatu ndogo, 1,500 kwa kila nyota usipoagiza vinginevyo, ili pasiwe na mapengo wala kupishana kati ya vipande. Makala ya mwaka 2020 ikaongeza zana za kutafuta jibu: makadirio ya haraka kutoka umbo la grafu, utafutaji wa jibu bora, na ukadiriaji wa makosa kwa sampuli nyingi za kubahatisha, vyote ndani ya Python moja. Huweza kushughulikia nyota ambazo mhimili wake wa kujizungusha haulingani na wa obiti, na hata kufyonzwa kwa mwanga na vumbi lililo kati ya nyota.

Jambo linaloipa PHOEBE nafasi ya pekee katika ulinganisho huu ni kwamba inaweza kuwaita ellc na JKTEBOP wakafanye hesabu kwa niaba yake. Mtumiaji huandika vigezo mara moja, kisha huagiza grafu itokane na modeli hii au ile, na kuziweka juu kwa juu. Ukitaka kujua kama nyota zako zinahitaji umbo la Roche, hakuna njia iliyo wazi zaidi ya hiyo.

Gharama yake ni muda. Chukua ukadiriaji wa makosa wenye sampuli 100 zinazotembea hatua 1,000 kila moja, ambao ni wa wastani tu: hizo ni modeli 100,000, na modeli moja ikichukua sekunde 5, kompyuta yenye kiini kimoja kinachofanya kazi itahitaji karibu siku 6 mfululizo. Mahali ambapo umeme hukatika, siku 6 ni dhana ya kwenye karatasi. Nafuu hupatikana kwa kukunja data zote katika kipindi kimoja na kuzipunguza. Kipande kimoja cha uchunguzi wa TESS, siku 27 kwa vipimo vya kila dakika 2, kina takriban vipimo 19,000, na baada ya kukunjwa vinaweza kuwa wastani 300 bila kupoteza umbo la mabonde. Usifanye hivyo, hata hivyo, kama vilele viwili vya grafu havilingani kwa urefu na tofauti yao inabadilika mzunguko hadi mzunguko, maana hayo ni madoa yanayohama, na wastani utayafuta pamoja na taarifa zake.

PHOEBE pia hupakua majedwali ya vichujio vya rangi kutoka mtandaoni kwa kadiri yanavyohitajika. Ni busara kuyapakua yote ya TESS na Kepler siku intaneti ikiwa nzuri, kabla ya kuanza kazi yenyewe.

Nyota moja, programu nyingi

Kipimo kizuri cha ulinganisho huu kimo katika kazi ya Maxted na wenzake ya mwaka 2020 kuhusu AI Phoenicis, jozi ya anga ya kusini yenye kipindi cha siku 24.59. Wachambuzi kadhaa walipewa data zilezile za TESS, kila mmoja akatumia programu na njia yake, kisha majibu yakalinganishwa. Tungamo zilizopatikana ni 1.1938 na 1.2438 za Jua, na nusu vipenyo ni 1.8050 na 2.9332 vya Jua, vikiwa na makosa ya asilimia 0.2 au chini ya hapo.

Tunaweza kufanya hesabu ndogo wenyewe. Kwa tungamo hizo na kipindi hicho, kanuni ya tatu ya Kepler hutoa umbali wa takriban nusu vipenyo 48 vya Jua kati ya nyota mbili, kwa hiyo nyota ndogo ni karibu 0.038 ya umbali huo na kubwa ni karibu 0.061. Zote mbili ziko mbali sana na mpaka wa 0.3. Haishangazi basi kwamba njia tofauti zilikubaliana vizuri juu ya thamani zenyewe. Zilipotofautiana ni kwenye makosa: baadhi ya njia zilitangaza makosa madogo kuliko yalivyostahili kuwa. Kwa nyota za namna hii mtumiaji asihangaike sana na fizikia ya programu. Swali lake liwe jinsi programu inavyokadiria makosa, na hapo ndipo kazi namba 9 ya JKTEBOP, au sampuli za kubahatisha juu ya ellc, zinapostahili muda wake.

Anayelinganisha majibu ya programu mbili awe mwangalifu na maana za vigezo. Wilson–Devinney huitambulisha nyota kwa thamani ya uso wake wa Roche na kuchapisha nusu vipenyo kadhaa, kuelekea ncha ya juu, ubavuni, nyuma na mbele, ilhali PHOEBE hutumia nusu kipenyo cha duara lenye ujazo uleule. Kwa nyota iliyovutwa tofauti kati ya hivyo ni ya asilimia kadhaa, na kuvilinganisha ovyo huzaa ugomvi wa programu ambao haupo. Vigezo vya kufifia kutokana na mvutano navyo havihamishiki: ellc hutarajia thamani inayotegemea rangi ya mwanga uliopimwa, wakati Wilson–Devinney na PHOEBE hutumia kipeo cha nishati yote.

Mambo mawili hayategemei programu kabisa, lakini huharibu jibu la yoyote. La kwanza ni mwanga wa nyota ya tatu. Algol yenyewe ina nyota ya tatu inayoizunguka jozi kwa takriban siku 680, na kila doa la picha (pikseli) la TESS hufunika upana wa sekunde 21 za tao angani, kwa hiyo majirani huingia kwa urahisi. Mwanga huo wa ziada hufanya mabonde yaonekane na kina kidogo kuliko kilivyo, na programu isipoambiwa hujibu kwa kuinamisha obiti au kuipunguza nyota. La pili ni muda wa kupima. Katika vipimo vya kila dakika 30, jozi yenye kipindi cha saa 8 huwa imekwisha kwenda zaidi ya asilimia 6 ya mzunguko wake ndani ya kipimo kimoja, na kona za mabonde hulainika. Programu za JKTEBOP, ellc na PHOEBE zina njia ya kuwekea modeli ulainisho huohuo, ila mtumiaji lazima aiwashe.

Ningechagua ipi

Kwa jozi iliyotengana yenye mabonde makali na nusu vipenyo chini ya 0.2, ningeanza na kumaliza kwa JKTEBOP, na ningeandaa spektra badala ya kutafuta programu ya pili. Jozi ileile ikiwa na nyota moja ndogo sana, au mtumiaji akiwa amekwisha kuandika kazi zake zote kwa Python, ellc inafaa zaidi. Kati ya 0.2 na 0.3 ningetumia PHOEBE kuita modeli zote tatu mara moja, kwa vigezo vilevile, kabla ya kuamua.

Kwa jozi kama Algol na kwa zinazogusana, duara na yai hazitoshi, na chaguo ni kati ya Wilson–Devinney kupitia PyWD2015 na PHOEBE. Mwenye kompyuta ndogo na nyota nyingi za kuchambua achukue ya kwanza. Anayetaka makosa ya kuaminika kwa nyota moja muhimu, na ana uwezo wa kuiacha kompyuta ikifanya kazi kwa siku kadhaa, achukue ya pili. Wengi huanza na Wilson–Devinney ili kulikaribia jibu, kisha huhamia PHOEBE kwa ukadiriaji wa makosa tu, na utaratibu huo naupendelea kuliko kuanza na sampuli za kubahatisha kutoka mahali pasipojulikana.

Zipo pia jozi ambazo hazifai kulazimishwa katika yoyote kati ya hizi. Beta Lyrae hupatwa kila baada ya siku 12.94, na kipindi hicho huongezeka kwa takriban sekunde 19 kila mwaka kwa sababu mata inahama kutoka nyota moja kwenda nyingine. Nyota inayopokea imefichwa ndani ya sahani nene ya gesi, na kinachofunika na kufunikwa ni sahani hiyo pamoja na nyota. Wilson–Devinney inaweza kutoa grafu inayokaribia data zake, lakini nusu kipenyo kitakachotoka kitakuwa cha nyota ambayo hakuna anayeiona. Kwa mfumo kama huo modeli inapaswa kuwa na sahani ndani yake, kama ile ya SHELLSPEC ya Ján Budaj, na grafu ya mwangaza iongezewe spektra na vipimo vya darubini zilizounganishwa.